Nafasi ya Kiambatisho Kimoja

Iringa, Alhamisi, Juni 1976

Leo amerudi tena, yule mama wa Kihesa, mara ya tatu wiki hii. Binti yake anaomba mafunzo ya uuguzi, na vinatakiwa viambatisho vitatu: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na barua ya mjumbe wa nyumba kumi.

Fomu niliichora mimi, karani, nikaacha nafasi ya kiambatisho kimoja tu. Mkubwa aliisifu mbele ya ofisi nzima. Basi mama huyu kila alipoleta karatasi mpya, nilichomoa ya zamani na kuitupa kapuni. Vyeti halisi, havina nakala.

Leo kaleta barua ya mjumbe.

“Sasa zimetimia, mwanangu?”

“Zimetimia, mama.”

Akapiga goti kunishukuru, akaniachia maparachichi mawili. Alasiri faili likaenda chuoni Mbeya na barua peke yake. Watalikataa. Majibu yakirudi, nikikutana naye sokoni, sijui...

Ningeweza kuongeza mistari miwili kwenye fomu. Lakini ningemwambiaje mkubwa kwamba niliikosea?

Parachichi moja nimelila. La pili nitampelekea mkubwa kesho.