Kompyuta Imefunga Macho

Jentrix, nimeaibika! Jentrix, mimi!

Unakumbuka ile video ya harusi ya brother Weldon niliweka kwa CD? Kwangu inacheza poa kabisa. Leo wakwe wametoka Kimulot kuiona, tukajaa ofisi ya kanisa, nikaiweka kwa kompyuta yao, nikabonyeza. Sauti ya pasta ikatoka. Picha hakuna. Giza tupu!

Kumbe programu ya kufungua picha iko kwa kompyuta yangu tu!

Sasa sikia. Pasta kwa hiyo video alikuwa anaomba, kwa hivyo wakwe wote wakainama, wakafunga macho. Nikashukuru Mungu.

Akasema amina. Wakafungua macho.

Bado giza!

Mzee Kiptanui, baba ya bibi harusi, akaniangalia: "Chepchirchir, hii kompyuta imeokoka kukushinda. Bado inaomba."