Aliyezima Kamera za Chumba cha Mzani

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Masumbwe. Tarehe: 11/3/2025. Muda: saa 8:20 mchana.
Jina: Justa Bujiku. Umri: miaka 33. Kabila: Msumbwa. Dini: Mkristo. Kazi: fundi wa mifumo ya kompyuta. Makazi: Nyasubi, Kahama.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, nikijua kwamba nikisema uongo sheria itanishughulikia.

Mnamo mwezi Januari mwaka huu nilifunga kompyuta kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu ulioko nje kidogo ya Masumbwe. Inarekodi picha za kamera na uzito wa dhahabu kutoka kwenye mzani. Huwa naihudumia nikiwa nyumbani Kahama, kwa njia ya mtandao.

Mnamo tarehe 10/3/2025 saa 4:10 asubuhi msimamizi wa mtambo, Mabula Luka, alinipigia simu akasema kamera zimezimika kwa mara ya tatu ndani ya wiki mbili, kila mara wakati wa kupima. Nilikuwa na kazi nyingine mkononi. Nikamjibu bila kuangalia chochote, "Mashine yangu ni nzima. Kuna mtu anaizima."

Saa 5:00 nikasikia kwamba mpima dhahabu, Nyamizi, tunayemwita Mama Doto, amekamatwa kwa kuzima kamera ili apate kuiba. Dhahabu haikupungua hata punje. Lakini Mabula alisema amemwona kwa macho yake akinyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani, na punde picha zikapotea.

Afande, swichi hiyo ni ya feni, na kila anayepima dhahabu huzima feni kwanza, maana upepo unauchezesha mzani. Mabula analijua hilo kuliko mimi. Hasira zilimziba macho, na mimi kwa ujuaji wangu nikazimwagia petroli.

Leo saa 2:00 asubuhi nilimpigia Mabula. Nilimweleza kwamba kompyuta ikizimika mimi huku mbali sioni kitu, kwa hiyo achukue ya ofisini aziunganishe mbili hizo kwa waya. Ikichomolewa umeme haisemi neno. Ikianguka yenyewe, humtumia mwenzake maneno ya mwisho na kutaja kilichoiangusha, nami ningeyasoma nikiwa Kahama.

Akanung'unika, "Dada Justa, ninyi wanawake mnateteana tu." Lakini aliunganisha.

Saa 2:35 nikamwambia azime feni. Kompyuta ikaendelea kama kawaida. Nikamwambia aweke jiwe la kupimia kwenye mzani na abonyeze kitufe cha kutuma uzito. Alipobonyeza, picha zote zikapotea. Kwenye kompyuta ya pili yakaingia maneno kwamba kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu inayoshikilia kila kitu kingine, kimeanguka, na kilichokiangusha ni programu ndogo ya kuwasiliana na mzani. Programu hiyo niliibadilisha mimi, kwa mikono yangu, tarehe 24/2/2025.

Nikamwomba aiwashe na arudie. Ikazimika tena.

Nilimsikia Mabula akiliondoa jiwe kwenye mzani. Kisha akasema, "Yaya, hapana, dada. Leo nimezima mimi. Basi na mimi nikamatwe."

Nikamjibu, "Tutakamatwa wote, Baba. Ila kwanza tuitengeneze."

Nikairudisha programu ya zamani. Saa 3:20 alibonyeza mara kumi na kompyuta ikabaki hai. Nilimsikia akicheka, na mimi machozi yakanitoka, sikuona aibu. Nikapanda gari kuja hapa na karatasi mbili zenye maneno hayo yaliyochapwa.

Naomba iandikwe kwamba Nyamizi hakuzima chochote zaidi ya feni. Kilichomponza ni jibu langu la kwenye simu, na nikiruhusiwa kumwona nitamwomba radhi ana kwa ana. Niliyoyasema hapa nimeyaona na kuyafanya mwenyewe, nami nayatia saini.

Saini: J. Bujiku

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Safiya, nikamsomea shahidi naye akakubali kuwa ni sahihi. Nimepokea kielelezo, karatasi mbili. Saa 9:45 alasiri mtuhumiwa ametoka kwa dhamana, jalada likisubiri uamuzi wa mkuu wa kituo. Mdhamini: Mabula Luka, mlalamikaji.