Picha ya Mama Aliyoipiga Desideri

Mjukuu wangu Kelia,

Huku Juru tumeamka salama. Maharage yametoka vizuri na goti la bibi yako limetulia. Umeniuliza kwa nini bosi wako wa studio hapo Mbarara anakulazimisha kupanga kamera kwa mkono, wakati simu yako inafanya yote yenyewe.

Nikiwa kijana, nami nilipiga picha hapo Mbarara. Kamera yangu mpya ilijipangia mwanga. Mwenzangu Desideri alikuwa na kamera kuukuu ya kuzungusha kwa vidole, lakini maharusi walimtaka yeye. Wivu ulinichoma.

Kwenye harusi ya dada yangu, mama alikaa mbele ya ukuta mweupe, amevaa nguo nyeupe. Nilimpiga picha kumi harakaharaka. Desideri alimsogelea, akatazama mwanga ulivyoangukia shavu lake, akafungua zaidi tundu la lenzi, akangoja. Mama alipomgeukia bibi harusi, Desideri akabonyeza mara moja.

Filamu ziliposafishwa, niliona kamera yangu ilifuata weupe wa ukuta, ikapunguza mwanga. Uso wa mama ulikuwa giza katika picha zote kumi. Katika ile ya Desideri, hata machozi yalionekana.

“Wewe ulikuwa na haraka,” mama aliniambia. “Yule aliniangalia.”

Alifariki kabla sijampiga nyingine. Picha iliyopo sebuleni kwetu ndiyo hiyo. Wageni wakiuliza nani aliipiga, hadi leo natamani kusema ni mimi. Namtaja Desideri, na roho bado inaniuma.

Babu yako anayekuwaza