Uji wa Mtoto Nimeunywa Mimi

Msambweni, Jumanne

Eti maziwa ya Mwanasiti ni mepesi. Mama ameshikilia wimbo huo tangu asubuhi, kila mwanangu akilia. Mke wangu Mwanasiti chuchu zimempasuka, ananyonyesha huku ameuma leso kwa maumivu, halafu anaambiwa anatoa maji matupu.

Nikamwambia Mama nesi wa kliniki amekataza kumpa mtoto kitu kingine mpaka miezi sita.

"Wewe shule uliitoroka, leo umekuwa daktari? Nilikupa uji hata arubaini hujatoka. Ulikufa?"

Mimi ninayewanyamazisha watalii wa Kitaliano ufuoni Diani kwa Kitaliano chao wenyewe, nikajifanya nakunja nepi. Na je, kama kweli hayamtoshi? Hilo sijamwambia mtu.

Alasiri Mama akaleta uji wa mtoto kwenye kikombe, akaenda kuswali. Mwanasiti akaniangalia, machozi yanamlengalenga. Nikaunywa wote. Sukari hakuna hata chembe.

Mama aliporudi, mtoto alikuwa ameshanyonya, amelala kifuani kwa mamake. Akachungulia kikombe kitupu.

"Si niliwaambia? Ilikuwa njaa tu. Kesho nitampikia mzito zaidi."