Zamu ya Machela

Nyakitonto, Kasulu
27 Desemba 1976

Kaka yangu Tharsisi,

Pokea salamu zangu na za watoto. Sisi wazima, maharage yamestawi. Nawe huko Tanga kwenye mkonge, kifua kimepona?

Nakuandikia habari za baba. Usishtuke, hajafa. Watu wa aina yake hawafi upesi.

Unakumbuka kijiji kizima kina zamu ya kubeba wagonjwa kwa machela hadi hospitali ya misheni, na wabebaji wakirudi hupewa pombe ya ndizi na wenye mgonjwa. Baba hakubeba mtu kamwe. Mama alipozidiwa, baba alikataa kuwaita wabebaji, asije akanywewa mtungi wake, akasema mwanamke ana miguu. Mama akafia njiani, nawe ukaondoka ukiapa kwamba huna baba.

Basi mwezi wa kumi tumbo likamkata. Nilifurahi, kaka, sikufichi. Nikasema leo naye atembee! Lakini Evaristi, mkuu wa machela, alikuja na wenzake, wakambeba kwenye matope kutwa nzima. Waliporudi hawakugusa pombe yake hata tone. Evaristi alimwambia wamembeba kwa ajili ya mama, ambaye hawakuitwa kumbeba. Mzee akalia mbele za watu.

Krismasi hii amechinja mbuzi wawili, akaita kijiji kizima. Ati baba yetu Makarius amekuwa mtu! Mimi sikuonja nyama yake. Majuto ni mjukuu, na mama hakusubiri kumwona.

Sasa sikiliza, na unitukane ukitaka. Tangu apone amenituma mara tatu nikuandikie akuombe radhi, maana hajui kuandika. Niliandika mbele yake, nikamsomea, kisha barua zote nikazitia motoni. Nikamwambia umekataa kujibu.

Siku ya Krismasi watu wakila, yeye alikaa barabarani kungoja basi, labda utashuka, paja la mbuzi amelifunga kwenye jani la mgomba, fungu lako. Basi likapita. Akaniuliza, kwa upole, kama labda hukuweza kuusoma mwandiko wangu. Loo, kaka, nilitamani ardhi inimeze! Yeye alimnyima mama machela kwa ajili ya pombe. Mimi nimemnyima msamaha ambao hata si wangu.

Mimi bado sijamsamehe. Wewe amua mwenyewe. Ukimjibu nitamsomea kila neno, hata lile linalonisema mimi.

Wasalimie wenzako kambini, na Mungu akulinde.

Dada yako,
Epifania