Kahawa ya Mama Mkwe Imeingia Kwenye Damu Yangu

Bi Maulida mpendwa,

Nisaidie kabla mambo hayajanifika shingoni. Nimeolewa hapa Nshamba, na huu ni mwaka wa pili naugua uchovu usioeleweka, nikipalilia migomba mitatu leo basi kesho na keshokutwa siinuki, hospitali wamepima malaria, sukari, wingi wa damu, vyote safi, na kila jibu safi likija mama mkwe wangu, Kokwijuka, anawatangazia majirani kwamba ugonjwa wangu unaitwa uvivu. Wakaja watafiti Bukoba, wanapima kemikali ndogondogo zinazobaki kwenye damu mwili unapogeuza chakula kuwa nguvu, wanasema huenda zikamtambulisha mwenye uchovu sugu, nikajiandikisha, nesi akapiga simu kunipa masharti, tangu jioni nisile kitu wala nisiguse kahawa, na simu niliiweka spika, mama mkwe yuko palepale anamenya ndizi. Asubuhi natoka, ananiita mlangoni, ananiwekea akamwani kiganjani, ile kahawa yetu ya kutafuna anayopewa mgeni wa heshima, na tangu niolewe hajawahi kunipa hata punje, akasema, "Tafuna, mwanangu, usiende mjini kama mtu asiye na kwao." Ningekataaje? Nikatafuna punje nne, nikafuta mdomo, nikamwambia nesi sijala kitu.

Majibu yametoka, damu yangu imefanana na ya wagonjwa. Mume wangu Datius kaisoma karatasi kwa sauti, kesho yake mama mkwe akashika jembe akapalilia upande wangu, jioni akaniletea uji. Nina raha na sina amani, maana kama kahawa ndiyo imechafua majibu, nikisema ukweli narudi kuwa mvivu. Ninyamaze?

Joviana, Nshamba

Joviana,

Pole kwa uchovu. Kwa uongo sikupi pole. Ulimdanganya nesi kwa mdomo unaonukia kahawa, na nashangaa hakukunusa. Watafiti wanatafuta alama itakayowasaidia waliochoka kama wewe, nawe ukawapelekea kahawa ndani ya kichupa cha damu. Yuko mwanamke huko Izigo anayeitwa mvivu leo hii, naye anaisubiri kazi hiyo. Wapigie kesho asubuhi, watajie punje ngapi na saa ngapi. Wakikupima tena, shukuru. Wakikutoa kwenye utafiti, shukuru vilevile.

Na hiyo karatasi uliisoma mpaka chini? Kipimo bado kinajaribiwa, wala hakimpi mtu cheti cha ugonjwa, hata angeenda amefunga siku nzima. Nenda kwa daktari, mweleze hilo la kupalilia leo na kuanguka kesho, maana kwa sasa ugonjwa huo hutambuliwa kwa maelezo kama hayo, magonjwa mengine yakishaondolewa. Na pumzika kabla hujachoka, usisubiri kuanguka.

Sasa mama mkwe. Alisikia masharti, ndizi mkononi. Pengine alitaka kukuharibia kipimo, pengine moyo ulimlainika akasahau. Mimi nina dhana yangu, na naicheka peke yangu hapa Ijuganyondo. Usimshtaki. Mwambie mbele ya Datius, "Mama, ile kahawa imeingia kwenye majibu, narudi kupima," halafu umtazame usoni.

Akilirudisha jembe ukutani, mwache. Ulikuwa mgonjwa kabla ya karatasi, na karatasi ikichanwa utakuwa mgonjwa bado. Hayo mwambie mumeo, polepole, ayasikie. Maana barua yako nimeisoma mara mbili, na sijaona mahali ambapo Datius ameshika jembe.

Bi Maulida