Bipu Moja Inatosha

Mtaa wa Stesheni,
Itigi, Singida.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Loyce,

Salamu nyingi zikufikie huko India, wewe na mwanao Leah, mgonjwa wetu. Mmeamkaje? Chakula cha huko mmekizoea au bado mnakula kwa kulazimisha? Na miguu yako, ile inayovimba ukikaa sana, imetulia? Najua jibu litachelewa, lakini siwezi kuanza habari zangu kabla sijakujulia hali. Sisi huku hatujambo. Kibaridi kimeanza, asubuhi watu tunaamka tumejikunyata. Mumeo, shemeji Nathan, yuko kazini relini kama kawaida, na mashati yake sasa anafua mwenyewe, ukirudi usimwachishe.

Barua hii nimempa Sista Anastasia wa parokiani. Anamsindikiza mgonjwa mwingine kwenye hospitali hiyo hiyo mliyopo, na Alhamisi anapanda treni kwenda Dar. Amebeba pia kichupa cha asali. Usimwonjeshe Leah kabla hujamuuliza daktari.

Shamba lako la njia ya Mitundu tumelivuna. Alizeti si nyingi, vichwa vilikuwa vidogo kwa sababu mvua ilikata mapema. Magunia yako yako ndani kwangu, hayajaguswa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ulipofika huko ulibipu simu ya Mama. Ikalia mara moja, ikakata, wote tukajua ni wewe. Kwetu bipu inaweza kuwa "nimefika," inaweza kuwa "nipigie." Wewe ulisema nimefika, sisi tukasikia nipigie. Nathan akanunua kifurushi cha kupiga nje, tukawa tunajisifu kwamba Loyce hatatumia hata senti yake. Anayepiga ndiye anayelipa, nani asiyejua hilo?

Tukakupigia mara ya kwanza, tukakupigia ya pili. Halafu ikafika ile siku ya kuamkia operesheni, tukakusanyika uani kwa Mama kama watu wa kipaimara. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Nathan alianza. Mimi nikafuata, nikakueleza habari za kwaya ambazo zingeweza kungoja. Majirani wakaingia, kila mmoja na shikamoo yake au marahaba yake. Kisha Baba Mdogo Melkiori akaishika. Akataka kujua watu wa huko wanalima nini, na kama wana nyuki, na akakusimulia nyegere aliyevunja mizinga yake, kuanzia nyayo alizoziona mpaka mzinga wa mwisho. Wewe ulikuwa unaitikia tu, "ndiyo baba, pole baba." Nilisikia sauti yako inaharakisha, nikadhani ni uchovu. Ulikuwa unaona salio lako linayeyuka. Lakini ungemkatizaje Baba Mdogo kwenye salamu?

Mama alikuwa kwenye kigoda anasubiri. Unajua kwetu anayebariki husema mwisho, ili neno la mtu mwingine lisije juu ya lake. Tangu mwanzo Leah alikuwa anauliza, "Bibi yuko wapi?" Tukawa tunamwambia bibi anakuja, subiri kidogo. Zamu ilipomfikia, Mama aliipokea simu kwa mikono miwili. Akasafisha koo, akasema, "Leah, mjukuu wangu." Simu ikakatika.

Tulipiga tena, hupatikani. Tukapiga mpaka tukachoka. Jioni ukaja ujumbe kutoka namba ngeni: "Msinipigie tena. Loyce." Sasa naelewa uliazima simu ya mtu na hukutaka kumaliza vocha yake kwa maelezo. Wakati ule hatukuelewa. Baba Mdogo aliusoma kwa sauti, Mama akamwomba ausome tena. Akausoma. Mama akasema, "Basi nimewachosha," akaingia ndani. Mpaka leo sijui kwa nini alisema "nimewachosha" wakati yeye peke yake ndiye hakuwa amesema kitu.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukupigia. Ila simu yake haizimi. Anaifunga kwenye kitenge kiunoni, na chaji ikipungua anaipeleka mwenyewe dukani, anakaa pembeni mpaka ijae. Ukimuuliza anasubiri simu ya nani, anasema hasubiri mtu.

Aliyetufumbua macho ni Ritha wangu, ambaye siku hizi anauza laini na vocha Singida mjini. Alikuja wiki iliyopita, tukamsimulia kwa uchungu jinsi mama yake mdogo alivyotukatia simu. Alituangalia akasema, "Kwani laini anayotumia ni ya huku?" Tukasema ndiyo. Ndipo akatueleza kwamba laini ya nyumbani ukiitoa nchini inakaa kwenye mtandao wa wenyewe, ndiyo hiyo wanayoita romingi, na huko hata anayepigiwa anakatwa kwa kila dakika. Salio likiisha, maongezi yanakatika hapo hapo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa analipa ili amsikilize Melkiori?" Ritha akasema ndiyo, bibi. Alikuwa anataka kucheka, akaona uso wa bibi yake akaacha. Mama alitoka akaenda kukaa nyuma ya jiko.

Loyce, nimeumia sana. Tuliona tunakubeba kumbe tunakukamua, na tulichokukamua ndicho kilichobaki cha kumsikiliza Mama. Leah akaingia chumba cha upasuaji bila neno la bibi aliyemlea. Sista alipotuletea habari kutoka hospitali kwamba ametoka salama Mama alishukuru, alipiga magoti kabisa. Lakini kila siku lazima aseme, "Mtoto aliingia bila neno langu." Siku hiyo imepita na hatuwezi kuirudisha.

Sista anasema ipo operesheni ya pili, ndiyo maana naandika kwa haraka. Ritha amesema utafute laini ya huko huko, uombe watu wa hospitali wakusaidie kuisajili kwa pasipoti. Ya nyumbani itoe uitunze. Kama ni lazima uirudishe kwenye simu, zima data kwanza, maana simu ikiwa nje hujipakulia mambo yake yenyewe na kula salio bila wewe kugusa kitufe. Anahisi ndivyo vocha yako ya kwanza ilivyoyeyuka siku uliyotua. Na kama hospitali ina intaneti ya bure, tumia hiyo. Haya yote tungeyajua kabla hujapanda ndege kama tungemuuliza, lakini tulishughulikia masweta na karanga.

Ritha alitaka Mama aongee na Leah kwa simu yake kubwa, kwa intaneti. Mama amekataa. Anaogopa neno lake litakatika tena katikati, na anaogopa atakula pesa ya dawa za mtoto. Tumembembeleza, wapi. Kitu kimoja tu amekubali. Asubuhi ya operesheni, Leah akiwa bado hajaingia, bipu. Iache ilie mara moja ukate. Hatapokea, na hatutapiga, hata Baba Mdogo ameapa. Isipopokelewa haikati kitu. Mama atasimama hapo alipo aseme maneno yake yote mpaka mwisho, na wewe umwambie Leah kwamba bibi sasa hivi anasema.

Nathan anakusalimu na atakuandikia mwenyewe, mwache atafute maneno. Baba Mdogo Melkiori anakuomba radhi, na anasema yule nyegere bado hajakamatwa. Ritha anawasalimu. Mama hakunipa salamu. Amesema zake zinasubiri bipu.

Nikuambie na hili. Jana mchana tulikuwa tunapepeta maharage, simu ikalia kiunoni kwake mara moja ikakata. Aliangusha ungo. Akasimama, akafumba macho, akaanza, "Leah, mjukuu wangu," akaendelea mpaka akamaliza, na mimi nikaitikia amina. Baadaye nilipoichukua niiangalie, ilikuwa namba ya humu humu nchini; nilipoipigia, kumbe ni mtu wa Manyoni aliyekosea. Sijamwambia. Bipu, Mama Leah, nisiendelee kumdanganya.

Mungu aliyemtoa Leah salama mara ya kwanza amshike na ya pili, na awarudishe wote wawili kwa treni hii hii tunayoisikia kila siku.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka,
Klara